Injinia wa Lengalenga

Baba yangu aliendesha magari makubwa ya mgodini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, yale ambayo gurudumu lake humpita mtu kimo, akishuka na kupanda katika mashimo ya mgodi uitwao Mashamba na shehena ya mawe nyuma yake. Alipostaafu, vidole vyake vilibaki vimekunjika kidogo kana kwamba vingali vinashika usukani. Nilipomaliza sekondari na kumwambia kwamba nataka kwenda Lubumbashi kusomea kilimo, alimaliza kwanza bukari yake, yaani ugali, na kunawa mikono.

"Mama," akasema, "ku Kolwezi batu banachimbaka. Weye utalima wapi?"

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, aliyekuja kutoka Kasai akiwa bibi arusi, wakati babu alipochukuliwa kufanya kazi migodini. Ni vigumu kumkatalia jambo mtu unayemwita mama. Alinung'unika kidogo, akamwomba mama yangu aseme na mimi, na mama akamjibu kwamba yeye anauza mboga sokoni tangu kabla sijazaliwa na bado hajaona siku watu wa Kolwezi wameacha kula. Basi nikaenda.

Nilirudi na diploma ya injinia wa kilimo wakati mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza kupiga mabati. Mama alifunga meza yake ya sokoni siku nzima, kitu ambacho hata malaria haijawahi kumlazimisha. Majirani walikuja, kuku wakachinjwa, tukanywa munkoyo wa mahindi uliokuwa umelala ukachacha vizuri. Baba alivaa shati jeupe, akawa anazunguka na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki, asimruhusu mtu mwenye mafuta mkononi kuigusa.

"Ni ingénieur," alimwambia kila mgeni.

"Ingénieur wa mines?"

Hapo masikio ya baba yalikuwa yanaziba. Alichukua jagi na kummiminia mgeni munkoyo tena.

Karamu ilipokwisha, nilianza kutafuta kazi kwa njia ya siku hizi. Nilikaa juu ya kitanda na simu, nikatuma maombi kwa kila kampuni niliyoiona, na jioni nikangoja majibu. Baba alikuwa anapita mlangoni, anatazama, anapita tena. Kwake yeye kazi inaombwa asubuhi, getini, ukiwa umeoga na umesimama na mtu anayejulikana.

"Telefone haina na macho," akaniambia. "Batakuona namna gani?"

"Papa, siku hizi njo vile."

"Kesho tutaenda."

Na kesho yake alikuwa ameshavaa kabla sijaamka, na viatu vyangu amevipaka rangi. Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati na baba nyuma akiwa na mwavuli wake mkubwa mweusi. Malori ya mawe yalitupita yakiturushia matope mekundu, na kila lori lilipopita baba alinizungushia mwavuli ubavuni kama ngao. Viatu nilikuwa nimevifunga ndani ya mfuko, nilivivaa tulipofika.

Geti la kwanza lilikuwa na kundi la vijana wenye bahasha, wengine niliowafahamu kutoka Lubumbashi. Mlinzi alikuwa kijana mrefu mwenye mabuti mazito.

"Huyu ni ingénieur," baba akamwambia.

"Wa mines, papa? Wa géologie?"

"Agronomie," nikajibu mwenyewe.

Mlinzi alinitazama kwa huruma ya kweli. "Ya," akasema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "huku tunalimaka majibwe."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli: nyuma yake, kote macho yalikofika, kulikuwa na vilima vya mawe yaliyosagwa, na hapakuwa na jani. Baba hakucheka. Alimuuliza yule mlinzi yeye ni mtoto wa nani. Kijana akataja ukoo wake, baba akasema aliwahi kufanya kazi na mjomba wake, mtu aliyekuwa anaimba huku akitengeneza breki. Wakaongea muda mrefu juu ya huyo mjomba. Mwishowe mlinzi alimletea baba kiti, akachukua bahasha yangu ya maombi na kuipeleka ndani yeye mwenyewe.

Ikawa hivyo katika kila geti. Bahasha zangu ziliingia ndani kwa heshima kubwa, na kwa kadiri nilivyojua mimi, hakuna iliyotoka. Lakini walinzi walimzoea baba. Akina mama wanaouza vitumbua kando ya mageti walimwekea vile vilivyoiva sana, kwa sababu ndivyo anavyopenda. Wale vijana wenzangu, ambao mwanzoni walikuwa wanasimama mbali na simu zao masikioni, walianza kukusanyika chini ya mwavuli wake mvua iliponyesha, naye aliwauliza mmoja mmoja amesoma nini, na kumtia moyo. Mmoja wao alipopata kazi, baba alifurahi siku nzima kana kwamba ni mimi.

"Umeona?" aliniambia tukirudi. "Banaingizaka batu. Zamu yako inakuya."

Zamu ilikuja mara moja tu katika msimu ule wa mvua. Nilipigiwa simu niende kuongea juu ya nafasi katika ofisi ya mazingira. Nilikaa mbele ya watu wenye adabu, katika chumba chenye baridi ya mashine, na nikajibu vizuri. Nilihisi najibu vizuri. Kisha mmoja akauliza, "Umeshafanya kazi wapi?"

Nikaeleza utafiti wangu wa chuo. Nilikuwa nimeandika juu ya mboga katika udongo wa karibu na migodi: namna ya kutumia chokaa na mboji ili majani yasinyonye sumu ya madini.

"Hapana," akasema kwa upole. "Nauliza kazi."

Baba alikuwa ananingoja getini. Aliniona usoni kabla sijamfikia, akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwa inanyesha.

"Basema nini?"

"Basema minakosa expérience."

Alinifunika nao hadi kwenye pikipiki. Nyumbani mama alisikiliza habari huku akichambua majani ya mihogo. "Mi siku yangu ya kwanza ku soko sikukuwa na ile kitu," akasema. "Nilikaa tu chini, nikapanga tomati." Kwake mambo yalikuwa yameishia hapo.

Baada ya siku ile nilichoka. Sijui kusema vingine. Asubuhi nilikuwa nasema kichwa kinauma, na baba alikuwa anajibu haya, pumzika, kisha nasikia anavyokaa sebuleni na shati lake lililopigwa pasi, anangoja labda kichwa kitapoa. Wenzangu waliosoma madini walikuwa wameshaanza kuvaa kofia ngumu na kupiga picha wakiwa nazo. Mashangazi walianza kuniuliza maswali ya upande mwingine, kwamba kama kazi haipatikani, na mume naye je? Nilikuwa nalala mchana. Nilijua muda kwa kusikia malori, yale ya kwenda na yale ya kurudi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja ambacho baba alikuwa amekitengea nyumba ndogo ya kupangisha. Ilikuwa ndoto yake ya kustaafu. Matofali yalikuwa yamepangwa pale kwa ustadi na kufunikwa kwa mabati, na kila jioni alikuwa na kawaida ya kuyazunguka, kama mtu anayetazama ng'ombe wake. Asubuhi moja baada ya Pasaka, mvua zikiwa zimekatika, nilisikia kelele huko nyuma. Nikatoka na kitenge kifuani. Baba alikuwa anabeba matofali kwa toroli na kuyahamishia ukutani.

"Papa, uko unafanya nini?"

"Ninapatia weye nafasi." Hakusimama. "Banasema unakosa expérience. Nilifikiri juu ya ile neno. Ni kitu ya kufanya na mikono, haina ya kungojea. Udongo njo huu."

"Na nyumba ya kupangisha?"

Akaweka toroli chini, akapangusa uso.

"Tofali haiozake, mama. Weye njo uko unaoza mu chumba."

Nilirudi ndani kuvaa. Nililia kidogo wakati natafuta viatu vya plastiki, kisha nikatoka nikashika upande wa pili wa mzigo.

Sikutaka kupanda ovyo. Upepo ukitoka upande wa Kingamyambo, ambako wanasafisha upya mabaki ya madini ya zamani, vumbi linafika hadi kwenye sahani, na mimi niliyeandika juu ya udongo wa aina ile nisingeweza kulisha watu bila kujua. Nilichimba udongo kidogo kila pembe ya kiwanja, nikautuma kwa mwalimu wangu Lubumbashi kwa mkono wa dereva wa basi. Baba alingoja majibu yale kama mtu anayengoja daktari atoke chumba cha wagonjwa. Mwalimu aliponiandikia kwamba unafaa, ila niweke chokaa ya kutosha na mboji nyingi, na nioshe majani vizuri, baba alimwambia kila mtu barabarani: "Udongo yetu haina mugonjwa sana."

Tukaanza. Mimi nilipima na kuchora matuta, baba alisomba. Hapo ndipo nilipomwona dereva niliyekuwa nimesikia habari zake tu. Toroli lile lilikuwa kwake gari la Mashamba. Alilipakia kwa utaratibu, uzito sawa pande zote. Alikunja kona kwa upana hata pale ambapo hapakuwa na kona. Na alipolirudisha nyuma, alitoa sauti mdomoni, pip, pip, pip, ili watu wajihadhari, ingawa watu wenyewe tulikuwa mimi na kuku wa jirani. Sidhani alikuwa anatania. Mama alikuja kusimama mlangoni siku moja, akamtazama kitambo, kisha akaniambia chinichini, "Mwache. Tangu alipoacha kazi sijamuona vile."

Tuta la kwanza lilikufa. Nilikuwa na haraka, nikatumia mbolea ya kuku ikiwa bado mbichi, ingali moto, na miche ya kabichi ikaungua pembeni, ikalala chini ndani ya siku chache. Nilijua kosa langu mara nilipoiona. Nilikuwa nimelisoma na kulijibu katika mtihani. Nilikaa juu ya tofali nikifikiri kwamba wale watu wa chumba cha baridi walikuwa wamesema kweli.

Baba alikuja na ndoo ya maji kutoka kisimani. Alitazama tuta, akanitazama.

"Siku yangu ya kwanza ku Mashamba," akasema, "niliingiza kamyo mu matope mupaka ku tumbo. Yote ikasimama nyuma yangu, kamyo na kamyo. Chef akakuya, akanitukana vizuri sana. Unajua kisha akasema nini?"

"Alikufukuza?"

"Alisema: toa."

Akanipa jembe. Tuliitoa ile mbolea, tukaichanganya na majani makavu na kuiacha ipoe kwa majuma, tukapanda upya. Wakati wa baridi, asubuhi za mwezi wa saba zenye umande unaouma vidole, lengalenga ilikuwa imesimama, mchicha wenye majani mapana kama viganja, na kabichi zilikuwa zinafunga vichwa, na vitunguu na matembele vilikuwa vimejaa hadi ukutani. Majirani waliokuja kununua mlangoni walianza kuniita injinia wa lengalenga. Mwanzoni nilisikia mchomo. Baba alilipenda jina. Sasa mtu akiuliza injinia wa nini, hakuchukua tena jagi; alimshika mkono na kumpeleka nyuma, na kumweleza juu ya chokaa kwa maneno marefu kuliko yangu.

Mboga nyingi mama alizipeleka sokoni. Huku kwetu Jumamosi tunaiita siku ya posho, tangu enzi wafanyakazi wa migodi walipokuwa wanagawiwa unga siku hiyo, na kila siku ya posho alikuwa anakuja mezani kwake mwanamume mmoja ambaye bado ni kijana, nadhifu, na gari dogo la mizigo. Alichukua lengalenga yote. Halafu akaanza kuuliza inatoka wapi. Mama alimwambia aje nyumbani aone.

Kwa baba, mama alisema maneno machache tu wakati anamwaga chai: "Kuko kijana moja anakuya leo kuona mutoto."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. Baada ya chai alivaa koti lake la kanisani. Alifuta viti vya sebuleni, akaomba nibadilishe kitenge, kisha akaniambia nikae chumbani mpaka niitwe. Nilidhani anataka tu kufanya mambo ya heshima. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia yote.

"Karibu, kijana. Kaa."

"Aksanti, papa."

"Bazazi beko?"

"Beko, papa. Beko ku Kamina."

"Ku Kamina. Ni muzuri. Na weye unasalia wapi?"

Mgeni akasita. "Kwa Bakatoliki, papa."

"Shiye ni Baprotestanti," baba akasema, akafikiri. "Haina neno. Mungu ni moja."

 Kiti kikalia.

"Papa, nilikuya juu ya mboga."

"Mboga tutakula. Kwanza tusemezane."

"Ni juu ya lengalenga, papa. Na kabichi. Mi ninanunuaka chakula ya bafanyakazi ba mugodi ku Tenke, kwa kampani yenye kuwapikia. Mama ku soko aliniambia mwenye kulima eko huku."

Nilisikia baba akishusha pumzi. Nilichungulia, alikuwa anavua koti, mkono mmoja, kisha mwingine, akalitundika mgongoni mwa kiti.

"Ulipashwa kusema mbele," akamwambia yule mtu. "Mi nilikuwa nimeshaanza kufikiri mbuzi."

Mgeni alicheka hadi akashika magoti. Alikuwa na mke na mapacha, akatuonyesha picha yao katika simu, na baba akaiangalia kwa makini na kuwabariki. Jioni baba alipomlaumu mama, mama alisema hakudanganya: alisema kijana anakuja kumwona mtoto, na mtoto ameonekana. Mpaka leo sijui mama alikuwa na nia gani siku ile.

Tulimpeleka nyuma. Aliinama juu ya matuta, akachimba kwa kidole, akauliza maswali mengi, na baba alijizuia asije akajibu badala yangu. Nilimwona akiuma midomo. Mgeni akatueleza kwamba mboga wanazopika Tenke zinasafirishwa kutoka mbali, nyingine kutoka Zambia, zinafika zimechoka, na mkubwa wake anataka akina mama wa vijiji vya karibu walime wao, ila hakuna wa kuwasimamia na kuwafundisha. Alisema yeye si mtu wa kuajiri, hawezi kutoa ahadi. Angetaja jina langu tu.

Alilitaja. Niliitwa Tenke baada ya majuma kadhaa. Bila shaka tulikwenda wawili. Basi lilitushusha karibu na stesheni ya reli, na baba akasema yeye hafiki ofisini. "Huko ingia peke yako. Mi niko apa." Alikuwa ameshaona kivuli na wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma, nilipogeuka kumtazama alikuwa tayari anauliza mtu ni mtoto wa nani.

Mkubwa wa kazi ile alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alifunga karatasi zangu bila kuzisoma sana, akauliza lile swali.

"Umeshafanya kazi wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya baba yangu," nikasema.

Hakucheka. "Ulipanda nini?"

Nikamtajia.

"Na nini kilikufa?"

Nilimweleza habari ya kabichi na mbolea mbichi, namna ilivyoungua, namna tulivyoitoa, na kwa nini safari ya pili haikuungua. Hapo ndipo alipovaa miwani na kunisikiliza kwelikweli. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Aliniambia nitapigiwa.

Nilitoka nikamkuta baba anakula mahindi. Aliniuliza kama walikuwa watu wazuri. Nikasema ndiyo. Akaninunulia hindi.

Siku zilipita, joto la mwisho wa kiangazi likaingia, vumbi likawa zito juu ya majani na tukawa tunaosha mboga mara mbili. Nilikuwa nimeweka namba ya baba pamoja na yangu, kwa sababu simu yangu ilikuwa inazima hovyo. Mchana mmoja nilikuwa kwa jirani nasaidia kusuka nywele za binti yake nilipomwona baba anakuja barabarani anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona anakimbia. Alikuwa na ndala mguu mmoja, mwingine mtupu, na simu ameinyoosha mbele kwa mikono miwili kana kwamba imejaa maji hadi ukingoni.

"Eko anakuya," alikuwa anaiambia simu. "Ingénieur eko anakuya. Usikate, mama, ninakuomba."

Nilipokea. Yule mama wa miwani alikuwa anacheka upande wa pili. Akaniambia nianze mwezi ujao, akauliza kama nina mahali pa kulala Tenke. Nilisema ndiyo bila kujua kama ninapo. Nilipokata, baba alikuwa ameketi juu ya jiwe la jirani, anapumua kwa nguvu.

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, papa."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akatazama mguu wake mtupu na kuniuliza kama nimeona ndala.

Mama alinipa sufuria, unga, chumvi, mafuta, na shuka alilokuwa amelihifadhi kwa arusi yangu. Alisema arusi itapata lingine. Baba alinisindikiza. Alinitafutia chumba kwa mjane mmoja wa dereva mwenzake aliyekuwa amehamia Tenke, akakikagua kama gari kabla ya zamu: akafungua na kufunga dirisha, akakaa kitandani akarukaruka kidogo, akajaribu kufuli. Akamwambia yule mjane, "Huyu ni mama yangu," na mjane akaelewa mara moja, kwa sababu kwao pia wanaitana hivyo. Kisha hakuwa na kitu kingine cha kukagua. Tulikwenda hadi kwenye basi. Alinipa mkono, tukashikana muda mrefu, vidole vyake vile vilivyokunjika vikagoma kunyooka. Alipanda, akakaa dirishani upande wangu, na basi lilipoondoka hakupunga. Alinitazama tu hadi kona.

Siku ya kwanza ya kazi niliwakuta akina mama wananingoja kandokando ya shamba, karibu na reli, na majembe yao mabegani. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, yenye maneno ya Kifaransa ndani yake. Nilipofungua mdomo, mkubwa wao, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, akanikatiza.

"Ulikula?"

Nikakiri kwamba bado. Akatoa kiazi kitamu kutoka katika kitambaa, kingali na majivu, akanivunjia nusu. Nikala nimesimama, na nilipomaliza hotuba ilikuwa imenitoka kichwani, tukaanza tu kupima matuta kwa kamba. Kabla ya mchana mbingu ikafunga ghafla, na mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka bila onyo. Tulikimbia wote kwenda chini ya paa la stesheni, tukabanana na abiria na mizigo yao na mbuzi mmoja aliyekuwa anasafiri, na maji yakawa yanamiminika mbele yetu kama pazia.

"Weye ni mutoto wa nani?" yule mkubwa akaniuliza kwa sauti ya kushinda mvua.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa dereva wa Mashamba na wa mama anayeuza mboga katika soko la Kolwezi.

"Na bwana?"

"Bado."

Wakaanza kujadiliana juu ya wanaume wa Tenke, nani anafaa na nani anakunywa, bila kuniuliza tena, na mmoja akagawa karanga zilizolowa kidogo. Mvua ikapungua. Yule mkubwa akatoa mkono nje ya paa, akaukinga, akautazama. Akasema udongo sasa umelainika, tusiupoteze. Tukavua viatu, tukavuka reli, tukarudi shambani.